Anaclet Mwaba Kasonde, Mwongoza Ndege Asiyezoea Kungojesha Watu

Papa Anaclet Mwaba Kasonde alizaliwa Kasomeno tarehe 12 Machi 1962, mtoto wa kwanza wa mkulima Pierre Kasonde. Alisoma shule ya msingi hukohuko, sekondari hapa Lubumbashi, kisha akajifunza kuongoza ndege Kinshasa. Kuanzia 1987 alifanya kazi katika mnara wa uwanja wa ndege wa hapa Lubumbashi, akiwaambia marubani nani aruke na nani asubiri.

Hakujua kutulia. Siku alipomuoa mama Wivine, tarehe 18 Agosti 1990, alitoka kanisani mara mbili kutazama mawingu. Padri alimngoja.

Jumanne, tarehe 9 Julai 2013, ndege tano zilitaka kuruka saa moja asubuhi. Katika ya nne alilala dada yake Syntiche, akipelekwa Kinshasa kutibiwa. Ilikaa chini karibu saa mbili. Syntiche alifariki siku nne baadaye. Daktari alisema hata angewahi, huenda asingepona. Papa alimwambia mkewe: "Sauti ya kumwambia rubani angoye ilikuwa yangu."

Tangu hapo alikula amesimama. Aliandika pendekezo: kampuni ya ndege inayotaka saa ya msongamano ilipe ada kubwa, ya saa sita mchana ilipe kidogo, na ndege ya mgonjwa itangulie bila nyongeza. Mkubwa wake, Jean-Claude, alikataa, akisema mzigo utamwangukia msafiri.

Papa akamjibu: "Msafiri analipa tayari, chef. Analipa na masaa yake. Kama bote banataka saa moja, ile saa ikuwe na bei yake. Ule mwenye hana haraka ataenda midi, saa sita."

Miaka sita alizunguka na karatasi zile, akigombana hata na marafiki. Mwaka 2019 wakubwa wake walikubali kujaribu. Tikiti za asubuhi zilipanda kidogo, na yeye hakuficha. Lakini kampuni mbili zilihamia saa sita, na kusubiri kwa asubuhi kukashuka kutoka dakika hamsini hadi kumi na tano.

Alistaafu 2022. Moyo ulianza kumsumbua mwaka jana. Hospitalini aliuliza saa kila mara, mpaka mama Wivine akamwambia: "Lala, papa Chance. Ndege iko na bengine sasa." Alifariki Jumatatu, tarehe 3 Februari 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ndani ya mkono wa mkewe.

Ameacha mjane, mama Wivine, watoto Chance, Précieux na Alexis, wajukuu wanne, na mdogo wake Israël.

Bwana ampokee bila kumngojesha.