Unga Mwekundu Ufe Pamoja Nami

Sogeeni wanangu, leo sauti yangu haifiki mlangoni. Quyet, wewe uliye mkubwa, kaa hapo upande wa madhabahu ya wazee wetu. Lieu, kaa miguuni pangu kama ulivyozoea siku hizi. Mwanao Mien mwacheni hapo kizingitini na karanga zake. Nitakayosema yanamhusu kuliko mtu yeyote, lakini asilazimishwe kusikiliza. Nimechoka, wanangu. Nimebeba neno moja miaka kumi na saba na sina nguvu ya kulibeba mpaka kaburini, kwa hiyo msinikatize.

Mali haina maneno mengi. Nyumba hii na madhabahu yake ni vya Quyet. Bwawa la bata na kiwanja cha nyuma yake ni vya Mien, na Lieu atamshikia mpaka mmoja wao afe, wala Quyet usije kumwambia kwamba mtu asiyejua kuhesabu bata wake hawezi kuwa na bwawa. Hahesabu, lakini akikosekana mmoja anajua ni yupi.

Sasa unga. Juzi, Quyet, ulikaa kwenye kitanda hiki ukaniambia, "Mama, watu bado wanauliza. Niachie tu vipimo, kile kibaya nitakitoa." Nilikaa kimya, ukadhani nimekubali. Sikukubali. Mama mkwe wangu alinifundisha kukaanga magome, kukausha majani, kusaga, kuchekecha kwa kitambaa, kisha kuchanganya na ule unga mwekundu tulioununua Hanoi katika mtaa wa wauza dawa, na huo mwekundu ndio watu waliokuwa wakiufuata. Mama akiona rangi ile kwenye ulimi wa mtoto mwenye vidonda vya mdomo, anarudi nyumbani moyo umetulia. Ukiutoa, umebaki na majivu ya magome. Usipoutoa, umebaki na nilichomfanyia Mien.

Mien alikuwa na miezi kumi na minne alipoanza kukataa chakula. Nilimpaka unga kwa kidole hiki, asubuhi na jioni, miezi miwili. Lieu, unakumbuka degedege lilivyomshika pale uani ukiwa umempakata, na hospitali ya mkoa ikasema ni homa imepanda kichwani. Alipona, lakini yale maneno matano aliyokuwa nayo hayakurudi mpaka alipofika miaka sita.

Mwaka uliofuata akaja Daktari Uyen. Watoto kadhaa wa wilaya yetu walikuwa wamepelekwa hospitali ya jiji na degedege kama lile, wakapimwa, damu ikakutwa na sumu ya madini ya risasi, naye akatumwa kutafuta inatoka wapi. Alilala chumba hicho cha pembeni wiki tatu. Nilimpikia, nikamfulia, nikamhurumia kwa namna alivyokuwa akihangaika juani, anakwangua rangi madirishani, anachota udongo, anapima maji ya visima na masufuria. Nilipomuuliza hiyo risasi ikoje, nikamletea vile vipande vya kuzamishia nyavu za baba yenu, nikamwambia, "Si hii hapa? Ichukue, uende nyumbani ukapumzike." Alicheka mpaka akakaa chini.

Alikuwa na karatasi ya maswali. Nilimsindikiza nyumba kwa nyumba, nikamsikia akiwauliza akina mama, "Mtoto anapewa dawa yoyote?" nao wakajibu hapana, mbele yangu mimi niliyewapa unga. Hawakudanganya. Dawa ni ile ya hospitali, inayokuja na boksi. Changu mimi kilikuwa unga wa bibi tu, nani angekiita dawa?

Siku ya kuondoka akaniambia mwanawe ana vidonda vya mdomo. Nikamfungia paketi tatu kwa mapenzi yangu yote.

Alirudi siku ya tisa. Alikaa mezani, chai hakuigusa. Akasema, "Bibi, najua hukukusudia. Nimepima ule unga. Karibu nusu yake ni risasi." Nikamuuliza kwanza habari ya mwanawe, akasema alimkuta ameshapona, hakumpa. Nilishukuru, kisha hapo hapo nikamchukia, kwa sababu wa kwake amepona na wa kwangu yuko uani hajui kusema maji. Nikamwambia mama mkwe wangu alilea watoto tisa kwa unga huu. Akauliza, taratibu kabisa, "Walikua wangapi, bibi?"

Walikua wanne. Nikaiondoa chai yake mezani.

Wewe, Quyet, ulimfukuza na mkoba wake ukautupa njiani, nami sikukuzuia. Hilo mnalijua wote. Mnajua pia kwamba baadaye nilipanda basi peke yangu na gunia la unga mwekundu, nikamkuta Hanoi, nikamwambia, "Andika, nitakutajia majina yote." Tulizunguka miaka miwili, mimi nikikumbuka nani alinunua, yeye akipima damu. Mlango mmoja tulimwagiwa maji ya vyombo. Mwingine mwanamke alinishika mkono akalia, na huyo ndiye aliyeniumiza zaidi. Watoto mia moja sitini na wanne tuliwapata, wengine wakalazwa wakasafishwa damu, na wengi wao leo wanasoma. Yule aliyekuwa akiniuzia mwekundu aliacha. Jirani zake wawili hawakuacha, kwa hiyo Uyen hajaacha kwenda. Swali lake alilibadilisha. Haulizi tena habari ya dawa, anauliza, "Bibi yake anampa nini?" Kila mwaka mpya akinipigia simu ananisimulia nchi nyingine alikolipeleka: huku amekuta ni manjano ya mchuzini yaliyotiwa rangi, kule ni wanja wa macho ya mtoto, kwingine ni sufuria iliyofuliwa kwa mabati na mabetri yaliyoyeyushwa. Anasema kila aendako hakuti mtu mbaya, anakuta mtu anayempenda mtoto.

Kwa ajili ya mizunguko ile wilaya walinipa cheti, kile pale ukutani. Kishusheni leo.

Kwa sababu kati ya siku aliyofukuzwa Uyen na siku niliyopanda basi ilipita miezi miwili, na katika miezi hiyo, siku ya kumi na moja, alikuja Nhai wa kitongoji cha chini. Alikuwa amengoja mtoto miaka minane. Huyo wa kiume alikuwa na miezi saba, hanyonyi vizuri, ulimi una utando mweupe. Nilikuwa nimekwisha kujua, Lieu. Usinitazame hivyo, niache nimalize. Sikuwa nimeamini kwa mdomo, lakini tumboni nilijua, kwa sababu tangu Uyen aondoke nilikuwa sijampaka tena Mien. Nilimwondolea wa kwangu, nikampa wa Nhai. Kumkatalia ingekuwa ni kusema mbele ya watu kwamba kidole hiki ndicho kilichomharibu mjukuu wangu, na neno hilo sikuweza kulitoa. Nikamfungia paketi nne. Nikamwambia ampake asubuhi na jioni.

Mtoto alizikwa kabla ya mavuno. Kutoka mazishini ndipo nikapanda basi.

Uyen nilimwambia kwamba Nhai alinunua zamani. Nhai naye nilimwacha aamini hivyo hivyo. Na wewe Lieu, uliyenihama miaka minne bila salamu ulipojua ni unga uliomharibu mwanao, ulirudi kwa sababu ulisikia jinsi mama yako alivyopiga milango kuomba radhi, ukasema mezani hapo, "Mama hakujua, ningemwadhibu vipi mtu asiyejua?" Nikakuwekea wali. Nimekula na wewe miaka kumi na miwili juu ya uongo huo.

Mwezi uliopita, miguu ilipokuwa bado inanishika kidogo, Mien alinipakia kwenye mkokoteni wa bata akanisukuma mpaka kwa Nhai. Alikuwa anaanua nguo. Nilimwambia yote, na idadi ya siku. Aliendelea kukunja, shati baada ya shati, mpaka kapu likajaa. Kisha akasema, "Nilikuwa nikikutetea, mama. Watu wakikusema sokoni, nilikuwa nakutetea." Nikasema najua. Akasema, "Nenda nyumbani. Mazishini kwako nitakuja au sitakuja, usiningoje." Akampa Mien ndizi ya njiani.

Nipeni maji. Kidogo tu, inatosha.

Kinu na chekeche msiviuze wala msivigawe. Kinu kivunjwe, udongo wa pale nilipokuwa nikichekechea uchimbwe, na Uyen atawaambia pa kuupeleka. Mtu akija kuuliza unga, Quyet, usimfukuze. Mkalishe, mwambie kilichomkuta Mien, umwambie na cha Nhai, kisha mpeleke zahanati wewe mwenyewe kwa pikipiki yako. Baada ya miaka mitatu, mtakaponifukua na kuosha mifupa kama ilivyo desturi yetu, maji yake msimwage bwawani. Kila mchanganyiko niliuonja kwa ulimi, na Uyen anasema risasi hukaa mifupani. Bata ni wa Mien.

Lieu, sikuombi unisamehe leo. Ukitaka kutoka nje, toka... mama yako hatahesabu hilo kuwa kosa. Nakubariki ukiwa ndani, nakubariki ukiwa nje. Quyet, mikono yako ina nguvu na hasira yako ni ya mapenzi, wazee wakuongoze ujue pa kuiweka. Mien, mjukuu wangu... hajanisikia, anacheka na karanga. Mwambieni baadaye nimembariki. Mpeni mkono wangu aushike nikishapoa, asiogope.

Na siku ile, Nhai akija, mpeni kiti pamoja na wanangu, si pamoja na wageni. Asipokuja, mtu asimuulize. Akija akasimama mbele ya jeneza langu akaanza kunisema... Quyet, unasikia? Usimshike mkono. Wapiga ngoma wanyamaze. Aseme mpaka amalize, hata jua likiwa kali, hata wachukuzi wakichoka. Akimaliza... mpe maji ya kunywa. Halafu ndipo mninyanyue.