Afande Oryem na Meli Isiyokuwa na Maji

Baada ya miaka ishirini na minne ya kushika kipaza sauti katika Kibanda cha Video cha Mwangaza, hapa Kasubi, Bwana Ponsiano Oryem anastaafu leo, Jumapili tarehe 30 Agosti 2026. Hastaafu kwa kupenda. Daktari amemwambia kwamba koo lake limechoka, na akiendelea kushindana na jenereta atabaki hana sauti hata ya kuwaita wajukuu waje kula. Nimeombwa niandike wasifu huu kwa sababu nimekaa mlangoni hapa nikikata tiketi tangu siku yake ya kwanza, na kwa sababu mwenye kibanda, Hajati Habibah, anasema mimi Loice nina maneno mengi. Hajakosea.

Kwa wageni wetu wa leo: VJ ni mtu anayekaa kando ya televisheni, anapunguza sauti ya Wazungu na kuieleza filamu kwa lugha ya watazamaji, pamoja na mambo ambayo waigizaji wenyewe hawakuyasema. Kampala imejaa VJ wa Kiganda. Wa Kiswahili tulikuwa naye huyu mmoja. Ndiyo maana habari ya koo lake ilipotufikia, Hajati alituambia wazi kwamba asipopatikana mwingine, Jumapili ya Kiswahili itafutwa na kibanda kitaonyesha mpira. Kwa wiki nyingi nilikata tiketi huku moyo umenishuka.

Oryem alizaliwa kambini, mtoto wa askari kutoka Kitgum. Yeye mwenyewe hajawahi kugusa bunduki, lakini Kiswahili chake kilikuwa cha amri, basi watu wakamwita Afande na jina likaganda. Alikuja kwetu kutengeneza spika. Siku hiyo mabenchi yalikuwa yamejaa akina mama wa Kongo waliotoka kanisani na wake wa askari, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akielewa Kiganda cha VJ tuliyekuwa naye wakati huo. Oryem alikishika kipaza sauti ili akijaribu, akaanza kueleza, na hakukiweka chini mpaka filamu ilipokwisha. Jumapili iliyofuata watu walifika kabla sijafungua mlango.

Mwaka wake wa kwanza haujaisha, akafanya kosa lililomjengea jina. Tulikuwa na filamu ya watu wa kutoka nyota za mbali. Chombo chao, kikubwa kuliko mtaa mzima, kilishuka juu ya mji, kikaziba jua, kikasimama palepale juu ya mapaa. Oryem, kwa haraka zake, akanguruma, "Sasa meli inaingia mjini!" Watu wakaanza kutafuta maji kwenye picha.

Katikati ya kibanda akasimama Mama Bibiane, muuza sombe, yaani kisamvu, na samaki wakavu katika soko la Kalerwe. Yeye alikulia Uvira, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, na meli alizijua tangu anatambaa. "Afande," akasema, "hiyo meli iko inaelea juu ya nini? Maji iko wapi?" Oryem akamjibu kwamba iko juu ya hewa. "Basi na weye panda ku hewa, tukuone!" Kicheko kilichofuata kilinifanya nizime jenereta, maana hakuna aliyekuwa akisikia filamu tena.

Mwingine angebadilisha neno, aseme ndege au chombo, mambo yaishe. Afande alikuwa mbishi. Aliondoka na lile swali kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki, akamuuliza kila aliyekutana naye, mpaka akafika kwa Mwalimu Latif, jirani yetu anayefundisha fizikia. Mwalimu alifurahi mno kupata swali ambalo halitokei kwenye mtihani. Jumapili iliyofuata, kabla ya filamu, Oryem alisimama na kutoa majibu, na watu waliokuja kutazama mateke na risasi wakatulia kumsikiliza.

Alianza na kibanda chenyewe. Hewa yote iliyomo humu ndani, alisema, ina uzito wa magunia mawili hivi ya mahindi. Meli huelea kwa sababu maji inayoyasukuma kando yana uzito sawa na wake. Basi kibanda hiki kikitaka kuelea hewani, kuta, mabenchi, jenereta na watu wote pamoja visizidi magunia hayo mawili. Alimtazama Hajati kidogo, kisha akasema hapana. Na ile meli ya chuma, hata ingekuwa na matundu kama andazi, bado ni nzito mara nyingi kuliko hewa.

Askari mmoja akasema kuna injini. Hapo ndipo Afande alipokumbuka utoto wake. Siku moja helikopta ilitua kwenye uwanja wa kambi, na upepo wake ukang'oa mabati ya jiko la mama yake na kuyatupa hadi kwenye mihogo. Helikopta, alisema, ni kidude kidogo. Kinachosimama hewani kwa injini lazima kisukume hewa chini kwa nguvu ya uzito wake wote. Meli kama ile ikisimama juu ya maduka ya Kikuubo, katikati ya mji, kila eneo la ukubwa wa mlango mmoja chini yake litasukumwa kama limeegeshewa lori la mchanga. "Wafanyabiashara, shikeni mabati!" akapiga kelele, na watu wote wakainua mikono juu ya vichwa.

Hivyo ndivyo desturi yetu ilivyoanza. Tangu siku hiyo, kila chombo kikubwa kinaposhuka kwenye filamu, Afande husema, "Meli inakuja, shikeni mabati!" na kibanda kizima hushika paa lisiloonekana. Nimeona polisi mwenye nyota begani akishika bati na mkono wa pili ana gonja, ndizi ya kuchoma. Ubishi nao haukuisha. Mwalimu Latif aliongeza kwamba chombo kilichoundwa huko juu, mahali ambapo hakuna kinachohisi uzito, kikishushwa huku kinaweza kuvunjika mgongo. Mtu akauliza kuhusu sayari zenye hewa nzito. Afande akakubali kwamba huko meli ingesaidiwa kidogo, lakini akataka kujua nani angekwenda kukata tiketi.

Mama Bibiane hakukubali neno "meli" hata siku moja. Miaka yote hii alikaa benchi lilelile akimsahihisha kwa sauti, na Oryem akakataa kulibadilisha. Siku moja nilimuuliza Afande kwa nini anaitangaza ile meli kwa furaha hivyo wakati yeye mwenyewe ametuthibitishia kuwa haiwezekani. Alijibu, "Loice, hawa watu wamebeba vitu nzito sana. Wacha waone kitu nzito inaelea, hata kama ni uongo." Nililia siku hiyo, na sioni aibu kuliandika.

Sasa niwaambie la Jumapili iliyopita. Hajati aliweka ileile filamu ya watu wa nyota za mbali, akawaita waliotaka kujaribu kipaza sauti. Vijana watatu walishindwa, mmoja alikimbia. Kisha Mama Bibiane akaacha benchi lake, akasema ameisikia filamu hii ikikosewa miaka yote, hawezi kuogopa kuikosea mwenyewe. Afande akaenda kukaa kwenye benchi la Mama, mara yake ya kwanza kukaa upande wa watazamaji. Mama alieleza vizuri mno, kwa Kiswahili cha Uvira. Kisha chombo kikaanza kushuka juu ya mji, na sote tukasubiri atakiita nini.

"Meli inakuja," akasema Mama Bibiane. "Shikeni mabati!"

Mtu wa kwanza kuinua mikono alikuwa Afande Oryem. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Hajati aliniambia palepale mlangoni kwamba mpira utatafuta kibanda kingine.

Afande wetu, asante kwa kila Jumapili, na asante kwa kosa lile. Nenda ukanywe chai yako ya tangawizi, koo lipone, wajukuu wakusikie ukiwaita kula. Jumapili uje ukae benchi la katikati, na safari hii mikono yako ipumzike. Mabati tumeyashika sisi.