Stendi ya Pikipiki ya Si Ridha

Benchi la mkahawa wa Yunes, kwenye kona ya Barabara ya Gremda hapa Sfax, lina wenyewe. Upande wa kivulini hukaa Nejib, tunayemwita Waziri, maana hakuna jambo la nchi hii ambalo hajalitolea tamko. Pembeni yake ni Lamini, aliyekuwa fundi mitambo kwenye kivuko cha Kerkena miaka nenda rudi, mpaka jina lake likamezwa na la kisiwa. Sasa naye ni Kerkena tu. Mimi hukaa mwisho, karibu na mlango, kwa sababu ndimi muagizaji wa kahawa. Si Ridha (Si kwetu ni kama Bwana) alikuwa wa nne wetu. Tangu mkewe Naziha afariki wakati wa baridi hakuonekana tena kijiweni, na sisi, kusema kweli, hatukuwa tumekanyaga kwake tangu arubaini. Jumamosi hiyo asubuhi akatokea, akatusalimu mmoja mmoja, akavuta kiti cha plastiki badala ya kukaa benchini, akasema anataka ushauri: anunue stendi gani ya kuinulia pikipiki nyumbani?

— Pikipiki ipi? akauliza Waziri. Ile nyekundu? Bado ipo hai?

— Ipo. Cheni imelegea na tairi la nyuma limekwisha. Kais anakuja Jumatatu na gari la mizigo. Anasema kama siwezi tena kuitengeneza mwenyewe, anaipeleka ikauzwe.

— Kais huyu huyu mwanao?

— Nina Kais mwingine?

— Haki ya Mungu, watoto! Si tulikuwa tunampakia juu ya tangi la hiyo pikipiki, tunampeleka bustanini kula tini? Leo ndiye wa kuiuza?

— Ananionea huruma, alisema Ridha. Hiyo ndiyo shida.

Kerkena akasogeza kikombe pembeni. Likitajwa jambo la chuma, mzee huyu hunyooka mgongo kama ameitwa kazini.

— Sasa nisikilize mimi, achana na huyu Waziri. Pikipiki yako haina stendi ya katikati, ina ile ya pembeni tu. Sivyo?

— Haina, na unajua kwa nini haina.

Tukacheka wote, hata Ridha kidogo. Kiangazi kimoja cha ujana wetu, vijana wote wa Barabara ya Gremda tulikata stendi za katikati kwa msumeno, eti zinakwaruza lami kwenye kona tukishindana kwenda bustanini. Usipokata, wewe mshamba. Waziri ndiye aliyeishika misumeno karibu yote ya mtaa huu.

— Zilikuwa zinapunguza mwendo! akajitetea.

— Mwendo gani? nikamwambia. Ulikuwa unapitwa na punda wa Haji Tijani.

— Yule punda alikuwa anateremka mlima.

— Sfax kuna mlima?

— Tuachane na punda! Kerkena akapiga meza. Ridha, chukua stendi ya nyuma. Zipo za namna mbili. Moja ina vikombe vya mpira vinavyobeba chini ya ule mkono unaoshika gurudumu. Ya pili ina uma, nayo inataka ufunge vifundo viwili kwa skrubu kwenye huo mkono, kila upande kimoja. Wewe chukua ya uma. Ikishakamata, imekamata. Ile ya mpira inateleza.

— Uongo mtupu, akasema Waziri. Pikipiki ya zamani ile ina tundu za skrubu? Achukue ya mpira. Apime upana kwanza, arekebishe mikono yote miwili iwe sawa, basi.

— Na ya mbele je? nikauliza.

— Ya mbele baadaye, wakasema wote wawili kwa pamoja. Nyuma kwanza, mbele ndiyo ifuate. Ukianza mbele imekula kwako.

Hapo kwa mara ya kwanza Waziri na Kerkena walikubaliana, na sote tukashangaa. Haikudumu.

— Lakini kwa nini anunue kabisa? akasema Kerkena. Uani kwake kuna mlozi mkubwa. Tunafunga kapi, tunapitisha kamba ya meli, anaivuta pikipiki inaning'inia. Mimi nimeinua injini ya kivuko hivyo hivyo.

— Mlozi umekauka, alisema Ridha polepole.

— Basi achimbe! akadakia Waziri.

— Achimbe nini?

— Shimo! Ninyi mnahangaika kuinua pikipiki juu. Kwa nini msiteremshe ardhi? Unachimba shimo la upana wa tairi, unaisukuma pikipiki, gurudumu la nyuma linaelea lenyewe. Hakuna stendi, hakuna kapi, hakuna mpira.

— Kwenye vigae vya Naziha?

Jina likatoka kinywani mwangu kabla sijalizuia. Yunes akajifanya anafuta meza iliyokwisha futwa.

Maana stendi yetu ya zamani tuliijua sote. Ilikuwa sisi wenyewe. Jumapili asubuhi tulikusanyika uani kwa Ridha; Waziri anashika usukani, Kerkena anaingiza bega chini ya kiti na kuinua, mimi nasukuma kreti la zeituni chini ya injini, na Ridha anafungua gurudumu akitutukana sote. Naziha hutoka na mkate wa moto, mafuta na harisa ya pilipili, anaona madoa ya oili kwenye vigae vyake, anaapa kwamba safari ijayo atafunga geti. Halafu anarudi ndani kuongeza mkate. Nazikumbuka sana Jumapili zile, na sijui tulizikosa kwa uvivu au kwa kuogopa kukuta ua ule hauna sauti yake.

— Mimi nasema jeki ya gari, akaanza tena Kerkena, kwa sauti ya chini.

— Jeki itatoboa bomba la moshi, akasema Waziri.

— Aweke ubao katikati.

— Basi na godoro pembeni, ikianguka iangukie pazuri. Alale nayo kabisa!

Kwenye meza ya jirani alikuwepo mtu mmoja, mwalimu wa hesabu aliyehamishiwa hapa kutoka Gafsa, anaitwa Mabruki. Alikuwa ametuvumilia muda wote huo akisahihisha karatasi zake. Akageuka.

— Samahani wazee wangu. Mimi pikipiki sizijui. Lakini hiyo stendi, ya uma au ya mpira, si inataka pikipiki iwe imesimama wima kwanza?

— Ndiyo, lazima wima, akasema Kerkena.

— Na mzee anakaa peke yake. Sasa akiwa ameinama huko nyuma anaingiza stendi, nani anaishika pikipiki?

Kerkena akatazama ndani ya kikombe chake.

— Stendi ninayo, alisema Si Ridha.

— Unayo?

— Niliinunua kabla ya Ramadhani. Ya uma. Vifundo nimeshafunga, tundu nilitoboa mwenyewe.

— Na umetuacha tuchimbe shimo asubuhi nzima!

— Mlikuwa mnafurahi. Nami nilikuwa nawasikiliza.

Akafuta paji la uso kwa kiganja.

— Nikiishika pikipiki, stendi siifikii. Nikiishika stendi, pikipiki inalala. Juzi ilinilalia mguu. Nikakaa chini pale kwenye vigae, siwezi kuisukuma, nikaita mtu. Nikaja kugundua ninayemwita ni Naziha.

— Sasa wewe Ridha, Waziri akasema, na sauti yake haikuwa ya tamko lolote, mbona hukutuita sisi?

— Mngekuja?

Hakukuwa na ukali katika swali lake, na ndiyo maana lilituuma. Mwalimu alirudi kwenye karatasi zake. Niliona aibu, aibu ya mtu mzima ambayo huwezi kuificha kwa mzaha. Waziri ndiye aliyesimama kwanza, akachukua kofia yake.

— Usukani ni wangu, alisema. Twendeni.

— Sasa hivi? Bega langu si lile, akanung'unika Kerkena, lakini alikuwa ameshainuka.

Ridha alibaki kwenye kiti chake cha plastiki, akituangalia kama mtu anayehesabu kama tumetimia.

— Njooni, alisema. Ila jikoni sijaingia tangu aondoke. Msije mkaniomba kahawa.

Nikamgeukia Yunes, nikamwambia atujazie birika zima, tunaondoka nalo.