Bi Ahniwake na Shamba la Mama Yake

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Bi Ahniwake Chuculate wa ukoo wa Ndege ametutoka. Ametutoka Jumanne, nyumbani kwake kule karibu na mji wa Stilwell. Leo namlilia kwa hasira, mtanisamehe.

Alikuwa binti mdogo wakubwa wa Washington walipoamua kuikata ardhi yetu sisi Wacheroki, wenyeji wa kwanza wa nchi hii, kila mtu na kipande chake. Ardhi iliyokuwa ya wote! Kwetu nyumba na shamba ni vya mwanamke, na mlinzi wa watoto ni mjomba. Mjomba wake huyu binti aliitwa Walosi. Mbele ya moto mtakatifu Walosi alivuta kiko akaapa: hatujiandikishi kwenye daftari lao, ardhi haigawiwi. Dada yake, mama yake Ahniwake, akamwamini. Nani asiyemwamini kaka yake?

Kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Walosi alikwenda mjini kimyakimya, akaliandikisha shamba la dada yake kwa jina lake mwenyewe. Narudia: shamba la dada yake, kwa jina lake mwenyewe. Kisha akaliuza. Mama na binti walikuwa bondeni wakichuma vitunguu pori, mara akaja mzungu na seng'enge.

"Mama, huyu nani?"

"Muulize mjomba wako."

Walosi alisimama nyuma ya mkokoteni wa mzungu, akiangalia viatu vyake vipya. "Dada, wangelichukua tu. Afadhali nimewahi mimi."

"Umewahi kunizika, Walosi."

Mama huyo alifia kwenye nyumba ya watu. Miaka ikapita, Walosi akazeeka, akawa kipofu. Kwa desturi yetu watoto wake ni wa ukoo wa mama yao, hivyo mzigo ukamwangukia mtoto wa dada yake. Bi Ahniwake akampokea. Akamwogesha, akamtwangia njugu za msituni za supu ya kanuchi. Binti yake, Lusi, ameniambia hivi:

"Mama hakumwita mjomba hata siku moja. Mzee alimbembeleza, 'Ahniwake, mwanangu, niite mjomba, mara moja tu, nife kwa amani.' Mama akamsogezea kijiko mdomoni: 'Kunywa, Walosi. Inapoa.'"

Alimzika pia, na akamzika vizuri.

Lusi, na ukoo wote wa Ndege, poleni sana. Msiba huu ni wetu sote. Na wewe unayenisikiliza, uliyeapa mbele ya moto wetu kisha ukatuuza, jitafakari leo. Njaa ikikupata tutakulisha. Ukifa tutakuzika. Ila ndugu hatutakuita.