Kengele Tisa za Anselmo Albano

Marehemu kaka yangu, Anselmo Albano, alizaliwa tarehe 3 Mei 1944, Ndanda, wilayani Masasi, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Albano, mchonga vinyago, na Mama Bernadeta. Alisoma huko hadi darasa la nne. Mwaka 1958 familia ilihamia Temeke.

Mwaka 1965 aliajiriwa katika kiwanda cha nguo, upande wa mashine za kufuma, na jioni akawa anakwenda klabu ya ngumi ya wafanyakazi. Hakuwa mtu wa maneno. Katika mapambano yake yote hakuna mwamuzi aliyewahi kumhesabia akiwa chini, ile hesabu ambayo ikifika kumi bondia ameshindwa, na hilo ndilo jambo pekee alilojisifia.

Tarehe 11 Januari 1969 alifunga ndoa na shemeji yangu Rosalia. Siku ya harusi alionja vijiko viwili vya pilau akaacha, kwa kuwa Jumamosi iliyofuata alikuwa na pambano na uzito wake ulishafika ukingoni. Shemeji alimwambia mbele ya wazee, "Umeoa mizani wewe, mie hujanioa." Kaka alicheka mpaka akatoa machozi.

Mapema mwaka 1974 alipigwa mazoezini, jicho la kushoto likaingia ukungu. Mwezi Julai mabondia wa timu ya ridhaa walipimwa macho kabla ya kwenda kwenye mashindano ya kimataifa Lusaka. Yaliyotokea hapo Shemeji anayasikia leo kwa mara ya kwanza. Mimi Polikarpo, mdogo wake, nilikuwa mfagizi wa zahanati ile. Nilinakili herufi zilizokuwa ukutani, tukazikariri wiki nzima. Daktari alipomziba jicho la kulia, lile zima, kaka alizitaja zote bila kukosea. Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi kweli.

Lusaka alishinda mara mbili. Katika nusu fainali ngumi zote zilitokea kushoto. Hakuziona, wala hakuanguka; alishindwa kwa pointi. Alirudi na medali ya shaba. Tulimpokea kwa ngoma, lakini wapo waliosema amezembea.

Mwaka 1976 jicho lile lilikufa kabisa, na mwaka uliofuata la pili. Kazi ikaishia hapo. Kila mara aliniomba nimsomee maandishi ya ile medali, nami nikamsomea. Kichwa kilimtesa miaka minne, tukazunguka hospitali hadi tukachoka. Alifariki nyumbani, Ijumaa tarehe 9 Oktoba 1981, asubuhi. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniua.

Ameacha mama yetu, mjane wake Rosalia, watoto Margareta, Fransis na Anastasia, na mimi niliyemkaririsha.

Wenzake wa klabu wamekuja na kengele wamgongee mara kumi, kama ilivyo desturi ya kumuaga bondia. Jumatano, siku mbili kabla hajafariki, alinishika mkono akaniambia, "Kumi wasinihesabie, Poli. Mie sijawahi kufika kumi."

Tunawaomba wagonge tisa. Kwenye tisa bondia bado anaweza kuinuka. Alale salama, na Bwana amwinue akiwa na macho yake mawili.