Historia ya Mkalimani Aliyekataa Kufasiri

Waombolezaji wapendwa, majirani, watumishi wa mahakama, na waumini wa makanisa yote mawili mlioketi kila kundi upande wake, nimesimama kwa niaba ya familia, mimi mtoto wa kwanza wa marehemu, kusoma maisha ya mama yetu, na nitayasoma kama alivyopenda yeye, bila kutia chumvi, maana anaweza kuinuka humo alimo akanisahihisha.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkewe, akafuatiwa na mama mdogo, huyu aliyeketi hapa mbele na leso mkononi. Alisoma shule ya msingi ya jirani na kiwanda hadi mwaka 1971, kisha sekondari ya bweni hadi 1975, na kwa kuwa wapangaji wa pale uani walitoka pande mbalimbali, alikuwa na lugha nne kinywani kabla hajajua kufunga viatu. Tangu udogo alikuwa mtu wa kushuku, haamini yai mpaka alitumbukize kwenye maji, haamini mizani ya muuza sukari, wala haamini kicheko cha mgeni.

Mwaka 1978 aliajiriwa kuwa mkalimani wa mahakama, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 2013, na wenzake wakambandika jina la Neno kwa Neno, kwa sababu hakumpunguzia shahidi maneno wala hakumlisha, mtu akitukana, tusi lilimfikia hakimu likiwa zima. Ndivyo alivyokutana na baba yetu, fundi magari, aliyeitwa kutoa ushahidi wa ajali, akamwita dereva wa lori punda asiye na breki, mkalimani akalifikisha hilo kwa hakimu bila kupepesa macho, baba akapewa onyo kali, akamsubiri getini amgombeze, na ugomvi wenyewe, jamani, ukaishia kwenye ndoa, tarehe 14 Agosti 1982, wakajaliwa watoto wawili, mimi na dada yangu.

Sasa naomba mnivumilie, maana maisha ya mama hayasomeki bila Jumapili moja ya mwaka 1996. Mama mdogo alikuwa amehamia kanisa la ng'ambo ya barabara, wanakoamini kwamba karama za wakati wa mitume, kunena kwa lugha, unabii na uponyaji, zipo hadi leo, na siku hiyo alimwalika dada yake, akasimama katikati ya ibada akanena kwa lugha huku machozi yakimtiririka, ndipo mchungaji, akijua kazi ya mgeni wake, akaita kwa furaha kwamba mkalimani si huyu hapa, aje atufasirie. Mama alisimama, akatengeneza kitambaa chake cha kichwa, akasema hakuelewa hata neno moja, naye hafasiri asichokielewa, akaketi. Watu waliangua kicheko, na mama mdogo aliumia, aliumia sana, kwa kuwa hakutaka tafsiri siku ile, alitaka dada yake amwamini.

Tangu hapo wakawa hawakai chumba kimoja bila kurushiana maneno. Mama alishikilia kwamba karama zile zilikuwa jukwaa la mafundi, mitume walipewa wajengee, na nyumba ikishasimama jukwaa huondolewa, mama mdogo akamuuliza ni nani aliyemwambia nyumba imekwisha wakati paa linavuja hivi, mama akasema wafasiri wa kule wanamtia wasiwasi, lugha fupi kama chafya, tafsiri ndefu kama risala, mama mdogo akauliza kama Mungu naye anatakiwa kula kiapo. Hata hivyo, dada yangu alipougua homa kali, mama alimpa dawa za daktari, kisha akamwacha mama mdogo aweke mikono na kuomba, yeye akisikiliza mlangoni, na homa iliposhuka kila mmoja akaondoka na jibu lake.

Tarehe 3 Machi 2023 mama alianguka jikoni kwa kiharusi, kikampooza upande wa kulia na kumharibia usemi, akawa anatoa sauti ndefu, zinazopanda na kushuka kama maneno, ambazo hakuna aliyezielewa. Daktari alitueleza kwamba sehemu ya ubongo inayotunga maneno imeumia. Mchungaji akaja na wazee wake, akasikiliza, akatangaza kwamba Bwana amemfungua ulimi mwenye mashaka, na ushuhuda huu lazima ufike kanisani Jumapili. Hapo wodi ikachafuka, baba alimshuku mchungaji kwamba anatafuta mtaji kitandani kwa mgonjwa, wazee walimshuku baba kwamba anaficha muujiza, nami niliwashuku wote, mpaka mchungaji akamgeukia mama mdogo, ambaye kwa miaka mingi amekuwa mfasiri wa kanisa lile, akamwomba afasiri.

Nilijua mama yetu, ambaye hakuwahi kumlisha mtu maneno, sasa atalishwa yeye, na hawezi kujitetea. Mama mdogo aliinama, akasogeza sikio mdomoni kwa dada yake, akasikiliza kwa muda mrefu, mama akisema na kusema, amemkazia macho. Kisha akainuka, uso umelowa, akasema hakuelewa hata neno moja, naye hafasiri asichokielewa. Mchungaji alipomkumbusha karama yake, alijibu kwamba karama anayo, na anaiamini hadi leo, lakini huyu ni dada yake. Mama akamvuta kwa mkono uliobaki na nguvu, wakaegemeza vichwa kwenye mto mmoja, jambo tulilokuwa hatujaliona tangu ile Jumapili.

Marehemu alifariki tarehe 21 Machi 2023, asubuhi, hospitalini. Alichokuwa anasema hatukijui, huenda aliomba maji, huenda aliomba radhi, na huenda mchungaji ndiye aliyesema kweli.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotuazima viti na mabega, na watumishi wa mahakama waliobeba jeneza, na mchungaji, ninayemwona amekaa karibu sana na kipaza sauti, tunamshukuru kwa kuja, na tunamwomba kwa heshima zote asitufasirie kitu leo. Maneno ya mwisho ameyaomba mama mdogo, ayaseme mwenyewe, kwa lugha tunayoielewa sote: pumzika kwa amani, dada.