Marehemu Phelis Nyabate, Karani wa Meza Kumi na Moja

Historia hii inasomwa kwa niaba ya familia na Onchiri Sagini, mdogo wake marehemu, ambaye mchungaji amemwomba asome polepole na asiongeze neno, naye amekubali nusu ya ombi hilo.

Marehemu Phelis Nyabate alizaliwa tarehe 9 Februari 1964 katika nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai karibu na Sotik, mtoto wa kwanza wa mzee Sagini Gekara, mchuma chai aliyetoka Kisii, na mama Phanice, akasoma shule ya msingi hapo hapo Sotik, akamaliza kidato cha nne mwaka wa 1982, kisha akasomea ukarani mjini Kericho, na tarehe 1 Julai 1987 akaandikwa kazi katika kiwanda cha chai ambacho hatutakitaja, maana wenyewe wapo na wanajijua. Tarehe 17 Desemba 1988 alifunga ndoa kanisani na Bwana Eugene Ndung'u, mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Silibwet, wakajaliwa mabinti wawili, Ann Wanjuhi na Phanice.

Kiwanda kilipoletewa kompyuta mwaka wa 1999, ni Phelis peke yake aliyekubali kwenda kufundishwa, wenzake wakisema hiyo ni kazi ya kuharibu macho, na aliporudi wakagundua kwamba njia rahisi ya kuingia kwenye folda ya pamoja, ile yenye orodha za wakulima na zamu za lori za kubeba majani mabichi, ni kuandika jina lake na paswadi yake, naye kwa wema wake akawapa, na kwa miaka ishirini watu kumi wenye tai na vyeo waliingia kazini wakiitwa Phelis.

Jumatatu tarehe 4 Machi 2019 seva ya zamani, yaani kompyuta kuu inayotunza folda hiyo, iliondolewa ikaletwa mpya, na kufikia saa nne asubuhi kila aliyegusa folda hiyo aliambiwa hana ruhusa, lori zikakaa kiwandani bila zamu, majani yakapata joto ndani ya magunia huko vituoni yanakokusanywa, na wakulima wa vituo vitatu wakayamwaga. Mtaalamu aliyeletwa kutoka Nairobi, bwana wa viatu vyenye ncha, alibadilisha nyaya, akazima na kuwasha seva mara tisa, akafuta kompyuta mbili zilizokuwa nzima, na siku ya nne akatangaza kwamba amempata adui, kwa sababu kila faili lilikuwa la Phelis, na jina la Phelis lilikuwa likibisha kwenye seva kutoka meza kumi na moja kwa wakati mmoja. Meneja hakujiuliza mama mmoja wa miaka hamsini na mitano anakaaje kwenye viti kumi na moja, akamwandikia barua ya kumsimamisha kazi kwa kuhujumu kiwanda, na wale kumi waliokuwa wakibisha kwa jina lake wakainamisha vichwa wakasoma gazeti.

Phelis alilia siku moja, siku zilizofuata akafikiri, na Jumatatu tarehe 11 akarudi kiwandani, ambapo mlinzi, Kiplangat, aliyeamriwa asimfungulie, alikumbuka ghafla kwamba ana haja ya kwenda chooni, na lango akaliacha wazi. Alimwambia mtaalamu alifungulie jina lake, akawaamuru wote watoe mikono kwenye kompyuta, akaingia peke yake na faili likafunguka, akamwita karani mwenzake, Celine, aingie kwa jina lilo hilo, likafunguka, alipoingia wa tatu seva ikawafungia wote, kwa kuwa hii mpya ilikuwa imeambiwa kwamba jina moja likitokea meza nyingi huyo ni mwizi. Ndipo alipowauliza, "Ni nani kati yenu amewahi kuingia hapa kwa jina lake mwenyewe?" na hakuna mkono ulioinuka, hata wa meneja.

Kufikia saa kumi jioni kila mtu alikuwa na jina lake na ruhusa ya faili zake, lori zikaondoka, na meneja akamrudisha Phelis kazini na kumwahidi barua ya kumsafisha. Wiki mbili baadaye wakubwa hao walikuwa wameshasahau paswadi zao, na kwa kuwa kukumbuka neno moja ni mzigo kwa mtu mwenye gari la kazi, meneja alimwagiza mtaalamu aiambie seva iache kushuku watu, wakarudi kwa jina la Phelis kama kawaida. Barua haikuja, na kila alipoiulizia aliambiwa imeandikwa, iko kwenye folda.

Alistaafu tarehe 31 Januari 2024, akiwa na ile barua ya kwanza tu, ambayo aliiweka ndani ya Biblia, na mwezi wa Agosti figo zikaanza kumsumbua, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki mjini Kericho, na asubuhi hizo zote, akiwa amelala na mirija mkononi, kule kiwandani Phelis aliripoti kazini saa mbili kamili, kwenye meza kumi. Alitutoka Jumatatu tarehe 12 Mei 2025, saa kumi na moja alfajiri.

Makao makuu walipoona tangazo la kifo walilifunga jina lake, folda ikafungika, na Alhamisi wajumbe wa meneja wakafika matangani na mkate na sukari, wakatoa pole kwa dakika mbili, kisha wakamwuliza Ann kama mama aliacha paswadi. Ann aliwauliza barua ya mama iko wapi. Wakajibu iko ndani ya folda, na folda haifunguki.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Kericho, majirani wa Silibwet waliotuletea kuni na maziwa, Kiplangat kwa haja yake ya ghafla, na Celine, ambaye peke yake alimtembelea hospitalini. Wenzake wengine tunawashukuru kwa kuwahi viti vya mbele. Meneja, karatasi na kalamu ziko pale kwenye meza ya kitabu cha rambirambi, barua hiyo inaweza kuandikwa kwa mkono kabla jeneza halijashushwa, mradi safari hii utie jina lako mwenyewe.

Dada, leo hakuna mtu aliyekupeleka kazini. Pumzika kwa amani.